Baada ya Vita, Nani Huwapokea Walioshindwa?



Majuma machache yaliyopita, baada ya kikao cha jioni katika ukumbi wa kanisa moja karibu na Barabara ya Ngong, mzee mmoja wa kanisa ambaye ninamheshimu sana alisimama akasema maneno yaliyopigiwa makofi. Tulikuwa tukizungumzia namna nchi zinazotoka vitani zinavyoangukia mikononi mwa viongozi wenye msimamo mkali. Mzee alisema ya kwamba jambo lenyewe si gumu kulielewa. Ni njaa. Njaa ndiyo iliyomleta Hitler kule Ujerumani, njaa ndiyo iliyomzaa Joseph Kony kule Uganda, na dawa ya njaa ni unga. Wapeni watu unga, alisema, wala hakuna mwendawazimu atakayepata wafuasi.

Sikumjibu jioni ile. Si adabu kumpinga mzee mbele ya watu, tena chai ikiwa imekwisha kumiminwa vikombeni. Lakini nimekuwa nikiyatafakari maneno yake kila asubuhi ninapopita barabara ya Argwings Kodhek kwenda ofisini, barabara iliyopewa jina la wakili aliyewatetea watu ambao wengi waliona hawafai kutetewa, nami nimeona ni wajibu wangu kuyajibu kwa maandishi. Nasema, kwa heshima zote, ya kwamba Mzee amekosea. Na kosa lake ni la hatari, kwa maana linatufanya sisi tunaopigania mageuzi tudhani ya kwamba tukishapeleka magunia ya mahindi na mablanketi kambini, na kupiga picha, kazi yetu imekwisha.

Tuanze na Ujerumani, mfano ambao kila mtu huutaja na wachache huuchunguza. Vita Vikuu vya Kwanza vilikwisha Novemba 1918. Wajerumani walishindwa, wakatwikwa deni kubwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka wa 1919, na miaka minne baadaye fedha yao ikawa takataka. Kufikia Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2. Akiba ya mtu aliyeweka fedha benki maisha yake yote haikutosha kununua mkate. Ikiwa kuna wakati ambapo njaa ingemtawaza mtu, basi ulikuwa mwezi huo. Na kwa hakika Hitler alijaribu kunyakua mamlaka mjini Munich mwezi huo huo. Je, alifaulu? La hasha. Jaribio lake lilizimwa katika muda usiotimiza siku mbili, naye akashtakiwa na kufungwa. Katika uchaguzi wa Mei 1928, chama chake kilipata asilimia 2.6 ya kura na viti 12 tu.

Ni nini basi kilichobadilika? Mwaka wa 1929 uchumi wa dunia ulianguka, na kufikia mapema mwaka wa 1932 Wajerumani wapatao milioni sita hawakuwa na kazi. Hilo ni kweli, na hapo Mzee atatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini wanaochunguza kura za miaka ile wanatuambia jambo lisilotarajiwa: wengi wa wale waliokosa kazi kabisa waliwapigia Wakomunisti. Waliomkimbilia Hitler kwa wingi walikuwa wakulima wadogo, wenye maduka madogo, mafundi wenye karakana zao. Watu ambao bado walikuwa na kitu kidogo mkononi, na ambao waliogopa kushuka na kuhesabiwa miongoni mwa maskini. Haikuwa njaa tu. Ilikuwa fedheha, pamoja na hofu ya fedheha zaidi.

Kisha kuna jambo ambalo sisi mawakili hatupaswi kulisahau. Katiba ya Ujerumani ya wakati ule ilikuwa na Kifungu cha 48, kilichomruhusu Rais kutawala kwa amri wakati wa hatari. Tangu mwaka wa 1930 serikali ilikitegemea kifungu hicho kupitisha mambo ambayo Bunge lilikuwa limeyakataa, yakiwemo ya kupunguza mishahara na malipo ya watu wasio na kazi. Wananchi wakazoea kutawaliwa kwa sahihi ya mtu mmoja. Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa na watu wenye suti nzuri na nia njema kabla ya Hitler kuufikia. Chama chake kilipata asilimia 37.3 mnamo Julai 1932, kikashuka hadi 33.1 mnamo Novemba. Hakupata wingi wa kura. Aliitwa. Mnamo tarehe 30 Januari 1933, Rais Hindenburg, kwa ushauri wa Franz von Papen na wenzake, alimteua kuwa Chansela, huku wakijiaminisha ya kwamba wakimzingira kwa mawaziri wao watamtumia kama mtu anavyomtumia mbwa wa kulinda boma. Tarehe 28 Februari amri ilitolewa ya kufuta haki za kimsingi. Tarehe 23 Machi Bunge likajinyang'anya mamlaka kwa kura zake lenyewe. Wabunge 94 tu wa chama cha Kisoshalisti walipiga kura ya kukataa, na natamani majina yao yangefundishwa katika vyuo vyetu vya sheria.

Lakini Ujerumani iko mbali, na msomaji wa Kilimani anaweza kusema hayo ni ya Wazungu. Tuingie Uganda, kwa jirani, ambako sehemu ya mkasa ilitiwa sahihi papa hapa Nairobi.

Tarehe 17 Desemba 1985, katika mji huu wetu, Jenerali Tito Okello, aliyekuwa amempindua Milton Obote Julai ya mwaka huo, alitia sahihi mapatano ya amani na Yoweri Museveni, kiongozi wa waasi wa NRA. Rais Moi ndiye aliyeongoza mazungumzo. Mapatano yalisema pande hizo mbili zingegawana madaraka na majeshi yao yangeunganishwa. Hayakutekelezwa. Kila upande ulimlaumu mwenzake, na tarehe 26 Januari 1986, hata siku arobaini na moja hazijatimia tangu sahihi zile, NRA iliuteka mji wa Kampala. Wakili husoma hati kama ile kwa uchungu. Katika kila mkataba kuna swali lisiloandikwa: je, anayetia sahihi anahitaji amani, au anahitaji muda?

Nisieleweke vibaya. Jeshi lililoshindwa halikuwa jeshi la malaika. Katika eneo la Luwero, kaskazini mwa Kampala, askari wa serikali waliua raia kwa maelfu katika miaka ya vita iliyoanza mwaka wa 1981, na baada ya ushindi wa NRA mafuvu ya wahanga yalipangwa kando ya barabara ili wapita njia wayaone. Wengi katika jeshi lile walikuwa vijana kutoka kaskazini, hasa Waacholi. Watu wa kusini walipomshangilia Museveni walikuwa na sababu. Lakini sasa tazama, ndugu msomaji, kilichowapata walioshindwa, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha jambo ninalotaka kulisema.

Maelfu ya askari wale walivua magwanda wakarudi Gulu na Kitgum, kwa mama zao. Machi 1986 NRA iliwafuata huko. Serikali mpya iliwaamuru wasalimishe silaha na wajiandikishe. Kwa mtu wa Kampala, hiyo ilikuwa amri ya haki na ya kawaida. Kwa Mwacholi ilikuwa na maana nyingine, kwa sababu alikumbuka mwaka wa 1971, wakati Idi Amin, punde tu baada ya kutwaa serikali, alipowaua askari wa Kiacholi na wa Kilangi ndani ya kambi zao. Aliyekwenda kujiandikisha wakati ule hakurudi. Ndipo wengi walipofukia bunduki badala ya kuzisalimisha, na wengine wakavuka mpaka kuingia Sudan. Baadhi ya vikosi vya washindi, navyo, vilianza kulipiza kisasi; mauaji ya raia huko Namokora, wilayani Kitgum, Agosti 1986, hayajasahauliwa hadi leo.

Juu ya hayo wakaja wavamizi wa Karamoja wenye bunduki na kuswaga ng'ombe. Katika muda mfupi Waacholi walipoteza karibu ng'ombe wao wote, huku jeshi likishindwa kuwalinda, na wenyewe wakiamini ya kwamba halikutaka kuwalinda. Tusilipite jambo hili haraka, kwa maana msomaji wa mjini anaweza kudhani ng'ombe ni nyama na maziwa tu. Kwa Mwacholi ng'ombe ni maksai wa kulimia, karo ya mtoto, mahari ya kijana, na fidia inayolipwa mtu anapouawa ili koo mbili zipatane. Zizi likibaki tupu, kijana hawezi kuoa, mzee hawezi kupatanisha, baba hana amri juu ya mwanawe. Umaskini huo hauponi kwa gunia la mahindi.

Kisha palikuwa na jambo zito zaidi, ambalo wanasiasa hawakuliona na viongozi wa dini wangepaswa kuliona. Wale vijana waliorudi kutoka Luwero walikuwa wameua. Kwa imani ya Waacholi, aliyeua hurudi na cen, yaani roho ya kisasi ya aliyeuawa, naye hana budi kutakaswa kabla ya kuketi tena na watu wake. Lakini waliorudi walikuwa wengi mno, na hawakuwa na adabu kwa wazee, na wazee wenyewe hawakuwa na nguvu. Watu wakaanza kunong'ona ya kwamba maradhi na mikosi yote imeletwa na vijana hawa. Basi fikiria kijana wa miaka ishirini na minne: washindi wanamwinda, majirani zake wanamwogopa, zizi la baba yake ni tupu, na moyoni mwake anajua alichokifanya.

Nani alimpokea kijana yule? Si serikali. Nasema kwa masikitiko, kwa sehemu kubwa si makanisa pia. Aliyempokea ni mwanamke aliyeitwa Alice Auma, aliyesema amepagawa na pepo aitwaye Lakwena, neno ambalo kwa Kiacholi ni mjumbe. Mnamo Agosti 1986 alianza kukusanya jeshi. Aliwaambia askari wale: mmetenda dhambi, nami nitawatakasa. Aliwapaka mafuta ya shea, akawapa amri kali kama za Musa, akawakataza kuiba, kulewa na kuzini, akawaambia risasi hazitawadhuru walio safi na ya kwamba mawe yatalipuka kama mabomu. Sisi tuliosoma hucheka tukifika kwenye mawe. Hatupaswi kucheka. Kabla ya kuwapa mawe alikuwa amewapa kitu ambacho hakuna mwingine aliyewapa: maelezo ya aibu yao, na njia ya kutoka ndani yake. Aliwaongoza kutoka Acholi hadi karibu na Jinja, mamia ya kilomita, kabla ya kushindwa mwishoni mwa mwaka wa 1987. Alikimbilia kwetu Kenya, akakamatwa, na miaka mingi baadaye, Januari 2007, alifariki akiwa mkimbizi katika kambi ya Ifo, huko Dadaab.

Pengo aliloliacha lilijazwa na Joseph Kony wa Odek, kijana aliyekuwa ameanza kukusanya watu wake mwaka wa 1987. Serikali ilikuwa bado na nafasi ya kuufunga mlango ule. Juni 1988 ilitia sahihi mapatano ya Pece, mjini Gulu, na waasi wa UPDA, wengi wao wakiwa wale askari wa zamani. Yalikuwa mapatano ya maana, na nawasifu walioyafikia. Lakini hayakuwakusanya wote. Kamanda Odong Latek, miongoni mwa waliobaki nje, alijiunga na Kony na kumpelekea ujuzi wa kivita ambao hakuwa nao. Nafasi ya pili ilikuja wakati Bi. Betty Bigombe, waziri na mwenyewe Mwacholi, alipoingia porini kukutana na Kony uso kwa uso, akafikisha mazungumzo mbali kuliko yeyote aliyemtangulia. Mnamo Februari 1994 Rais Museveni, akiamini waasi wanapoteza muda tu, aliwapa siku saba wajisalimishe. Siku saba, baada ya miaka minane ya vita! Mazungumzo yalivunjika, Kony akapata silaha na hifadhi kutoka serikali ya Sudan, na vita vikaendelea kwa miaka mingine zaidi ya kumi.

Sasa narudi kwa Mzee na unga wake. Ni wakati gani kaskazini mwa Uganda kulikuwa na njaa kubwa kuliko yote? Ulikuwa baada ya mwaka wa 1996, wakati serikali ilipowahamisha watu kwa nguvu na kuwaweka katika kambi zilizoitwa vijiji vya ulinzi. Kufikia mwaka wa 2005 zaidi ya watu milioni moja na nusu walikuwa wameacha makazi yao. Nao unga uliletwa, tena kwa misafara ya malori ya Shirika la Chakula Duniani. Unga ulikuja, na vita havikukoma. Zaidi ya hayo, katika miaka hiyo ya njaa kuu, Kony hakuwa na wafuasi wa hiari hata kidogo. Watu wake mwenyewe walikuwa wamemkataa, ndiyo maana aliwakata masikio na midomo, ndiyo maana akawa mwizi wa watoto. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 askari wake waliwachukua wasichana 139 kutoka shule ya Mtakatifu Maria, Aboke. Mtawa wa Kiitaliano, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akasihi, akarudi na wasichana 109. Thelathini walibaki. Kama njaa ndiyo inayowaita watu kwa kiongozi wa namna hii, asingehitaji kuwafunga watoto kwa kamba.

Hapana, Mzee wangu. Kony alipata nguvu zake katika ile miaka miwili ya mwanzo, 1986 hadi 1988, wakati walioshindwa walipoona ya kwamba sheria ya nchi haiwahusu tena isipokuwa kama adhabu. Alipokwisha kuota mizizi, hakuwahitaji tena. Aliwala.

Na waliofungua mlango wa kutokea walikuwa, safari hii, watu wa dini. Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Kanisa Katoliki, Askofu Macleod Baker Ochola wa Kianglikana, viongozi wa Kiislamu na wenzao waliungana, wakashinikiza hadi Bunge la Uganda likapitisha Sheria ya Msamaha, iliyoanza kutumika Januari 2000, na baadaye wakalala nje barabarani mjini Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakikimbia vijiji vyao usiku. Aliyeacha silaha alipewa cheti na kurudi nyumbani bila kushtakiwa. Watu zaidi ya 20,000 wa makundi mbalimbali walikipata. Kama wakili, sheria ile hunikosesha raha. Mama aliyeuliwa mtoto hakuulizwa kama amesamehe. Hata katika kesi ya Dominic Ongwen, aliyetekwa na Kony akiwa mtoto na kuhukumiwa miaka 25 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka wa 2021, sijui ningesimama upande gani ningepewa faili ile. Kony mwenyewe hakukamatwa. Ilibidi kikao cha kuthibitisha mashtaka dhidi yake kifanyike huko The Hague mnamo Septemba 2025 akiwa hayupo. Lakini ukiniuliza ni nini kilichopunguza jeshi lake, nitakuambia: zaidi ya helikopta, ni kijana kusikia redioni sauti ya rafiki yake aliyerudi nyumbani, yuko hai, anakula kwa mama yake.

Yote haya yanatuhusu nini sisi wa Kilimani, tulio na maji ya kisima na walinzi malangoni?

Yanahusu huyo mlinzi. Katika jengo lenye ofisi yangu kuna mlinzi wa rika langu, na kwa miaka miwili tulisalimiana tu kwa mkono na mambo ya mvua. Siku moja aliniomba nimsomee barua. Familia yake ilifurushwa kutoka shamba lao karibu na Burnt Forest mwaka wa 1992, yeye akiwa mtoto wa shule ya msingi. Wakarudi, wakajenga tena. Wakafurushwa mara ya pili Januari 2008. Baba yake alikuwa na stakabadhi za hisa za shamba, ambazo amezihifadhi katika mfuko wa plastiki wa unga. Barua yenyewe ilikuwa jibu la ofisi moja ya umma, likimwelekeza kwa ofisi nyingine, ambayo ilikuwa imekwisha kumwelekeza kwa ile ya kwanza. Nilimwuliza habari za ndugu yake mdogo aliyetajwa katika madai. Alitazama chini. "Wakili, yule alipata mtu wa kumsikiliza," akasema. Aliyemsikiliza alikuwa mwanasiasa, ambaye alimpa fulana, shilingi mia tano, na adui. Hajulikani aliko.

Ghasia zilizoanza Meteitei mnamo Oktoba 1991 ziliua watu wapatao 1,500 na kuwafurusha 300,000 hivi kufikia mwaka wa 1993, kwa hesabu za mashirika ya kutetea haki. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Bw. Kennedy Kiliku iliandika ripoti Septemba 1992. Desemba 1994 waliokuwa wamekusanyika katika kambi ya Maela walipakiwa katika malori usiku na kutawanywa, kana kwamba ni taka. Tume ya Akiwumi ilisikiza ushahidi, na ripoti yake ikachapishwa mwaka wa 2002. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya nusu milioni wakafurushwa, nasi tukapata tume nyingine, na baada yake Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwarejeshea haki waathiriwa. Mlinzi wetu alilisikia tangazo lile akiwa zamu ya usiku. Alinieleza kwamba alicheka peke yake hadi mbwa akabweka.

Nchi hii haijapata Hitler wala Kony wake. Lakini imekuwa ikimwandalia kiti. Kila mara baada ya mapigano tunawaacha walioshindwa njiani, halafu tunashangaa wanapookotwa na yeyote apitaye na gari. Na hapa nataka kusema neno ambalo huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili hawatalipenda. Tunapotaja waathiriwa, huwa tunawataja walio upande wetu. Wale vijana waliopewa mishale na mafuta ya taa mwaka wa 1992, wakaahidiwa ardhi, wengi wao hawakupata hata robo eka. Waliowatuma waliendelea kupanda vyeo. Vijana wale sasa ni wanaume wa umri wangu na zaidi. Wengine wanajua walichokifanya, kama wale waliorudi Gulu kutoka Luwero. Sijasikia kanisa moja hapa mjini likiandaa mahali ambapo mtu wa namna hiyo anaweza kuingia, akasema jina lake na tendo lake, na akaambiwa ni nini anachopaswa kulipa na kwa nani. Tunaona ni rahisi zaidi kumwombea kwa mbali.

Hali kadhalika, sisi wanasheria na wanaharakati tumekuwa na tabia ya kunyamaza pale ambapo amri ya ghafla, msako wa mtaa mzima au kizuizi kisicho cha kisheria kinawaangukia watu tusiowapenda. Wajerumani wengi walinyamaza vivyo hivyo chini ya Kifungu cha 48.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, nitakuwa katika ukumbi ule ule pamoja na mawakili wengine wawili. Tutapokea stakabadhi za mashamba, barua za madai, hati za vifo, na chochote kile ambacho watu wamekihifadhi katika mifuko ya plastiki tangu mwaka wa 1991. Hatutatoza ada, wala hatutauliza mtu alipigania upande gani. Tunahitaji watu wa kuandika, hasa wanaojua Kikalenjin na Kikuyu, na mtu mmoja mwenye mashine ya kunakili karatasi. Mlinzi wetu ameomba ruhusa kazini ili awe wa kwanza katika foleni. Mzee, nakuomba nawe uje. Chai ya siku hiyo nitailipia mimi.